Gari la Nassoro na Goti la Bi Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nipande juu ya tairi la lori nirukeruke. Ilikuwa Lusahunga, wilaya ya Biharamulo, kwenye banda la pancha kando ya barabara kuu, pale malori yaendayo Rwanda na Burundi yanaposimama madereva wapate kula. Msimamizi wa banda alisema tairi halitoki kwenye rimu kwa kuangaliwa, lazima midomo yake iachie chuma kwanza. Midomo ya tairi ni zile kingo mbili nene zenye waya ndani, ndizo zinazolibana kwenye rimu. Nikapanda, nikaruka, tairi halikuachia. Nikashuka, nikalizunguka, nikauliza ni upande gani hasa wa kurukia, na kwa nini upande huo na si mwingine. Msimamizi aliacha chai yake akaniangalia.

"Wewe utakuwa fundi mzuri," alisema, "au presha itakuua mapema."

Najua kumbukumbu za namna hii huandikwa na wazee waliopewa cheti na saa ya ukutani. Mimi hata mvi sina. Lakini kazi ya tairi nimeiacha, nimerudi Kanazi kwenye kahawa na migomba ya baba, na vijana wawili watatu mnaoingia karakana sasa mmenipigia simu kuniuliza mambo. Kwa hiyo ninawaandikia kama mstaafu, mkinivumilia. Chuo cha ufundi sikukanyaga. Nilichojua nilikipata kwa kuangalia mikono ya watu, na kwa video za kwenye simu, nyingi zikiwa za lugha nisiyoielewa, nikisimamisha picha na kuirudisha nyuma mpaka bando linakata. Mtu aliyejifunza hivyo hana mwalimu wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Huo ndio ugonjwa wangu, na ni vizuri muujue mapema.

Lusahunga nilijifunza upepo. Msimamizi hakutumia kipimo. Aligonga tairi kwa nondo, akasikiliza, akasema ongeza au acha. Tairi la lori lenye mzigo hujazwa mpaka liwe gumu kama jiwe, maana likiwa laini hupata joto na kupasuka njiani. Mimi nilinunua kipimo changu mwenyewe, na kila alipogonga nilipima nyuma yake kwa siri. Mara nyingi alikuwa sawa. Mara chache hakuwa sawa, na hizo chache zilinisumbua kuliko zile nyingi. Mwishowe alinichoka kwa upole, akanipigia debe kwa rafiki yake Ngara mjini, mwenye karakana ya magari madogo.

Huyo rafiki sote tulimwita Fundi Mkuu, hata mke wake. Alikuwa mtu wa Bukiriro, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, na alipofungua boneti alikuwa akivuma wimbo wa misa bila kujua. Nilipofika na kumwamkia shikamoo, aliitikia marahaba akiwa chini ya gari, na kabla sijaonyeshwa pa kuweka begi nilikuwa nimeshika springi upande mmoja na yeye upande mwingine. Gari lilikuwa la mwalimu mmoja wa Nyakisasa, jipya kutoka Dar es Salaam. Tulikuwa tunalinyanyua.

Lazima nieleze kunyanyua, kwa sababu bila hilo habari hii haieleweki. Gari dogo likija huku kwetu kwa mara ya kwanza, kitu cha kwanza linachofanyiwa ni kuinuliwa tumbo litoke ardhini. Unafungua springi, unaweka juu yake kipande cha mpira mnene kilichokatwa kwenye tairi kuukuu la lori, au duara la aluminiamu lililochongwa. Hicho kipande ndicho spesa. Ukirudisha, gari limesimama juu kama mtu aliyevaa viatu vya mvua. Barabara za kata zetu zina mawe na mifereji, na hata penye lami kuna matuta ya kupunguza mwendo yaliyojengwa na watu wenye hasira. Kwa hiyo hakuna anayeuliza kama gari linyanyuliwe. Mwenye gari hashangai, fundi hashangai. Ni kama kuosha gari. Hakuna anayesema gari lake limetengenezwa kwa sababu limeoshwa.

Nilikaa na Fundi Mkuu miaka mizuri. Nilijifunza kunyoosha magurudumu kwa uzi, kazi ambayo mijini hufanywa na mashine. Unafunga nyuzi mbili pande zote za gari, zimekaza na zimenyooka, kisha unapima kutoka kwenye uzi mpaka ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma. Vipimo visipolingana, gurudumu linatazama ndani au nje, na tairi litaliwa kama kifutio. Nilipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nilipima, nikakaza, nikapima tena, nikalegeza. Wenye magari walikunywa soda mbili wakisubiri. Magari yakishaondoka niliwapigia simu kuuliza kama nati zimetulia, mpaka mjini wakaniita Fundi Simu. Nawaambieni ukweli, nilikuwa nikiwapigia kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilidhani kila gari linaloondoka mikononi mwangu linaondoka na kosa ambalo sijaliona.

Ndipo Nassoro akarudi na gari lake.

Nassoro ni mtoto wa Bi Rukia, mwenye duka la vitenge na mashuka pale mjini. Babu zao walikuja Ngara kutoka pwani kufanya biashara na hawakuondoka tena. Baba yake alipofariki, Nassoro aliacha kazi Dar es Salaam akarudi kusimamia duka, na kitu pekee alichokuja nacho kutoka maisha yake ya kule kilikuwa gari la spoti lililokwishatumika, la milango miwili, rangi ya kijivu, limelala chini kama kiatu cha wazi. Matairi yake yalikuwa membamba kwa kimo na mapana kwa uso, na ya nyuma yalikuwa mapana kuliko ya mbele. Watoto wa shule walilisindikiza kutoka kituo cha mafuta mpaka karakana. Kwenye tuta la kwanza la mjini lilikuwa limekwaruza tumbo watu wakashika vichwa. Kwa hiyo tulilinyanyua, kama yote, na likaondoka.

Lingebaki kuwa gari la kijana la kuringia kama si goti la mama yake. Bi Rukia aliwahi kuanguka na kuvunjika, akafanyiwa upasuaji, na tangu hapo goti lake la kulia halikunjiki. Mguu unakaa umenyooka muda wote. Kwenye magari ya abiria hapati pa kuuweka. Kwenye magari mengine ya mjini kiti cha mbele hakirudi nyuma vya kutosha, magoti ya watu wa nyuma yanazuia. Lakini gari la Nassoro lilikuwa na kiti kinachoteleza nyuma mpaka mwisho, na mbele yake shimo refu la miguu. Ndilo gari pekee Ngara ambalo Bi Rukia aliweza kukaa ndani yake kama mtu.

Na alihitaji kukaa, kwa sababu dada yake mkubwa, Bi Mwajuma, alikuwa amelala kitandani Biharamulo. Simu zilizotoka huko zilikuwa zinazidi kuwa fupi. Hao wawili walilelewa kitanda kimoja, na Bi Rukia hakutaka kingine chochote duniani zaidi ya kufika amwone akiwa bado anajua nani amekuja.

Walijaribu safari wakashindwa. Hawakuifikia hata Lusahunga. Nassoro alimleta mama yake moja kwa moja karakana, na Bi Rukia hakulalamika kwa sauti, alishika tu nguzo ya mlango akiwa amefumba macho. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Huyu kijana wangu kanunua gari la kulalia. La kukalia atanunua lini?"

Kisha akatueleza. Kila shimo lilikuwa nyundo, na nyundo hiyo ilipanda kupitia mguu ule usiokunjika mpaka kiunoni. Nassoro akaongeza kwamba gari likikimbia linatangatanga, usukani unataka kwenda mara kushoto mara kulia, na matairi ya mbele yameliwa ukingo wa nje utadhani yamekatwa kwa kisu. Akaniuliza kama naweza. Nilisema naweza. Kwa nini nilisema hivyo sijui.

Kutoka hapo kumbukumbu yangu ni ukungu, na sitajifanya kuwapangia mambo vizuri kuliko yalivyotokea. Nilianza na matairi kwa sababu ndiyo niliyoyajua. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Za matairi ya mbele zilionyesha yalikuwa ya zamani mno, mpira umekuwa mgumu kama kwato japo meno yalibaki. Nikafurahi, nikadhani nimepata. Tukaagiza mengine Mwanza, yakaja kwa basi. Yana mshale unaoonyesha yanakozunguka, na niliukagua mshale huo mara nyingi mpaka Fundi Mkuu akaniuliza kama nasubiri usogee. Gari lilitulia kidogo. Baada ya siku chache ukingo wa nje ukaanza kuliwa tena.

Nikageukia upepo. Fundi Mkuu alitaka uongezwe, kama ilivyo desturi ya huku gari likienda mbali. Mimi niliona kibandiko kwenye fremu ya mlango, maandishi ya Kijapani lakini tarakimu ni tarakimu, na kilitaka upepo mdogo kuliko wetu. Alisema hicho kibandiko hakijawahi kufika Ngara. Nilipoupunguza, gari likawa laini kidogo lakini likatangatanga zaidi. Nilipouongeza likanyooka kidogo, na nyundo ikarudi. Nikabadilisha bushi, zile pete za mpira zinazokaa kwenye viungo vya miguu ya gari ili chuma kisigonge chuma. Nikabadilisha shokapu, yale mabomba yenye mafuta yanayozuia springi isiendelee kurukaruka, nikaweka yaliyotumika lakini mazima. Nikanyoosha kwa uzi, asubuhi nikakuta vipimo havipendezi, nikanyoosha tena. Kila nilichogusa kilibadilisha kitu, na hakuna kilichoponya. Ikafika mahali nikawa sikumbuki gari lilikuwaje kabla sijaligusa. Nilikuwa nikitibu madhara ya dawa zangu mwenyewe, au pengine sivyo, sikuweza kutofautisha.

Kila baada ya badiliko Bi Rukia aliletwa kujaribu. Alikuja na mto wake, akaketi, akanyoosha mguu, na Nassoro akamzungusha mteremko wa mjini na kurudi. Akirudi alitikisa kichwa tu. Mimi niliinama dirishani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Siku moja nikamwomba, kwa kuchanganyikiwa zaidi kuliko kwa akili, anieleze maumivu yenyewe yanavyokuja. Kabla ya hapo sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nimemuuliza Nassoro, nimeiuliza simu, nimeyauliza matairi.

"Sasa umeniuliza mimi," alisema. "Nisikilize. Gari likipanda tuta, siumii. Likigonga, siumii sana. Naumia likishamaliza. Tairi likianguka upande wa pili, hapo ndipo linanichoma."

"Likianguka, si likigonga?"

"Mwanangu, mguu ni wangu."

Nilimshukuru, nikabaki nimesimama. Fundi yeyote anajua shokapu lililokufa au springi laini hugonga gari likishuka juu ya gurudumu, yaani pale linapobanwa. Nilikuwa nimetafuta kila kitu kinachoumiza kwenye kubanwa. Yeye alikuwa anasema linaumiza kwenye kuachia.

Nikapiga jeki mbele. Nataka mlione hili vizuri, maana ni rahisi kulifanya na rahisi kulipita. Gari la kawaida ukilipandisha kwa jeki, mwili unapanda kwanza huku gurudumu likibaki chini, linaning'inia likifuata ardhi, kisha ndipo linaachia. Kuna nafasi pale, kiganja kizima. Nafasi hiyo ndiyo inayolisaidia gurudumu kuingia shimoni bila mwili kuhisi. Gari la Nassoro lilipoanza kupanda, gurudumu liliacha ardhi hapohapo. Halikuning'inia. Shokapu lilikuwa limekwisha kunyooka mpaka mwisho wa urefu wake hata gari likiwa limesimama tu. Kwa hiyo kila shimo gurudumu lilianguka, likafika mwisho wa shokapu, likavuta mwili wote kwa kishindo. Nikatazama magurudumu kwa mbele. Yalikuwa yamefunguka juu kama miguu ya mtu mwenye matege, yanakanyaga kwa ukingo wa nje.

Nilijua ninachokiona, lakini sikujua kimetoka wapi. Nilifikiri pengine limepigwa ajali Dar es Salaam. Nilifikiri shokapu nilizoweka ni fupi, lakini za kwanza zilifanya hivyohivyo. Nikamwendea Fundi Mkuu, aliyekuwa anaosha mikono kwa dizeli, nikamuuliza tulilifanya nini gari hili siku lilipofika.

"Hatukulifanya kitu," alisema. "Tulilinyanyua tu."

"Tulilinyanyua."

"Ndiyo. Tulilinyanyua tu."

Akaacha kuosha mikono. Wote wawili tukaligeukia gari.

Nataka mwelewe kwamba hakuna aliyesahau. Ukituuliza siku yoyote tungekwambia lina spesa. Lakini kwetu hicho hakikuwa kitu kilichofanywa kwenye gari, ndivyo gari lilivyokuwa. Magari ya juu yana shokapu ndefu, ukiyapandisha kidogo bado yana nafasi ya kushuka. Lile la spoti lilitengenezwa likae chini, shokapu zake fupi, na spesa zetu zilikuwa zimeimaliza nafasi yote.

Fundi Mkuu hakufurahi, na sikumlaumu. Alisema amenyanyua magari ya mapadre, ya walimu na ya halmashauri, na hakuna aliyewahi kurudi kumwambia kunyanyua ni ugonjwa. Nikasema hakuna aliyekuja na la spoti.

"Haya, ishushe," alisema. "Tumbo litakwaruza kila tuta mpaka Biharamulo. Likichanika lile bakuli la oili chini ya injini, mama wa watu analala porini Nyakahura. Utampigia simu kumuuliza kama nati zimetulia?"

Alikuwa sawa, na hilo ndilo lililonivuruga zaidi. Nilitaka kuwe na jibu moja. Likibaki juu linamuumiza mgonjwa, likishuka linaweza lisifike kabisa. Nilitoa karatasi nikaanza kupiga mahesabu ya urefu wa tuta, nikajaribu spesa nyembamba, nikaikataa, nikajaribu nyingine. Nilitaka siku moja zaidi, kisha nyingine. Nassoro alikuja akiwa na simu mkononi. Bi Mwajuma alikuwa ameacha kula. Nikamwambia nahitaji kidogo tu kupata uhakika. Bi Rukia alikuwa ndani ya gari, mlango wazi, mguu wake umenyooka nje, na alisikia.

"Uhakika wa nini?" aliuliza.

Nikamweleza habari ya tumbo na matuta, kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika.

"Shusheni," alisema. "Tumbo likikwaruza, gari ndilo litalia. Si mimi. Lisipofika, nitakuwa nimekwama nikielekea kwa dada yangu. Hapa nimekwama nikitazama spana zako."

Tulizitoa spesa adhuhuri ile. Nilinyoosha magurudumu kwa uzi, na Fundi Mkuu alisimama nyuma yangu, nilipotaka kupima tena akakusanya nyuzi zake akaziweka mfukoni. Upepo tuliweka wa kibandiko, yeye akitazama pembeni. Kisha bila kuombwa akakata bati nene la pipa, akalifunga kwa boliti chini ya injini kama ngao, akivuma wimbo wake. Akamwita Nassoro, akamfundisha kupita tuta kwa mshazari, gurudumu moja kwanza, la pili likifuata, ili tumbo lisikae juu ya kilima.

"Hii gari haipandi tuta kama askari," alimwambia. "Inapanda kama mlevi."

Kesho yake asubuhi nilikwenda nao. Kiti cha nyuma cha gari lile ni cha kuwekea mkoba, nikajikunja humo na jeki na kichupa cha oili, magoti kidevuni. Fundi Mkuu alisema ni haki yangu kwa yote niliyomfanyia yule mama. Tulipita matuta ya kwanza kwa mshazari, watu wa barabarani wakacheka. Bati liliguna, halikuchanika. Tukachukua barabara kuu. Nilisikiliza kila kitu. Sikusikia nyundo, na kutoisikia kulinitisha, nikadhani masikio yangu yameziba.

"Huyo nyuma anapumua?" Bi Rukia aliuliza mwanawe. "Au anasikiliza tu?"

Kabla ya Lusahunga lami imechoka, mashimo yamepangana. Nassoro alipunguza mwendo. Tulivuka moja, tukavuka jingine, na Bi Rukia hakusema neno, hakushika mlango. Kichwa chake kilikuwa kimelala upande. Nikamgusa Nassoro begani nikamwambia asimame, mama amezimia. Alisimama ghafla kando ya barabara. Bi Rukia akafungua macho.

"Mmesimama nini?"

Nikamwambia tulitaka kujua kama anaumia.

"Nilikuwa nimelala," alisema. "Sasa umeniamsha, ndiyo naumia."

Tulifika Biharamulo jua likiwa bado juu. Siwezi kuwaeleza sana ya ndani ya nyumba ile kwa sababu mimi nilibaki uani, nimelala chini ya gari nikikagua bati. Lakini dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia Bi Mwajuma, sauti nyembamba, akiuliza ni nani huyo anayeingia na mguu mmoja. Na nilimsikia mdogo wake akijibu kwamba ni yuleyule aliyekuwa anamvuta shuka. Wakacheka. Nilikaa chini ya gari muda mrefu kuliko bati lilivyohitaji.

Bi Rukia alibaki huko. Sisi tulirudi bila yeye, na njiani Nassoro akasema usukani umeanza tena kuvuta, kidogo sana, kushoto. Tukasimama, nikapima upepo, nikatikisa magurudumu, sikuona kitu. Akasema labda ni uzito wa mama uliokuwa unalituliza. Labda. Labda ni lami ilivyoinama upande ule. Na nikianza hapo simalizi: tulibadilisha matairi, upepo, bushi na shokapu, tukatoa spesa, tukanyoosha, yote kwenye gari lilelile. Nawaambia vijana wote kwamba zilikuwa spesa. Nina hakika zilikuwa spesa. Lakini mkiniuliza kama bushi zile hazikusaidia kitu, sijui, na sitapata kujua, kwa sababu hakuna anayeweza kumrudisha Bi Rukia kwenye gari lile na mambo yote kama yalivyokuwa ili nijaribu moja moja.

Baada ya hapo karakana ilibadilika kidogo. Fundi Mkuu aliendelea kunyanyua magari, na ni sawa, mengi yanahitaji. Lakini alianza kupiga jeki kwanza na kutazama gurudumu linavyoning'inia. Hakutangaza. Mteja akimuuliza anatafuta nini, alisema anatafuta kiganja. Mimi niliendelea kuhangaika. Mtu hatoki kwenye tabia yake kwa gari moja. Nilikuwa nikiamka asubuhi nikiwa nimeshachoka, nawaza nati za watu wasionijua. Baba alipozidiwa na shamba akaniita Kanazi, sikubisha. Migomba nayo ina magonjwa yake, lakini mgomba hauondoki kwenda Biharamulo na watu ndani.

Mkitaka ushauri wa mstaafu ninao mdogo. Kabla hamjafungua chochote, muulizeni anayeumia anaumia lini. Kisha jiulizeni ni kitu gani mmelifanyia gari ambacho hamkihesabu. Zaidi ya hapo muulizeni Fundi Mkuu, yupo bado.

Wiki yangu ya mwisho pale karakana, gari la kijivu liliingia polepole, likapita mfereji wa mlangoni kwa mshazari. Nassoro alikuwa anaendesha. Bi Rukia alikuwa kiti cha mbele, mguu umenyooka, amejitanda kanga nyeusi. Tulikuwa hatujamwona tangu siku ile. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na alikuwa ameshika nguzo ya mlango kama zamani, amefumba macho.

Sikusema hata shikamoo. Nilikimbia ndani nikachukua jeki, nikapiga magoti upande wake, nikaanza kutafuta pa kuiweka, nikimwambia Nassoro azime, nikiuliza ni kulia au kushoto, ni likigonga au likiachia.

Mkono wake ukashuka kutoka dirishani, ukanishika bega.

"Weka chini jeki, mwanangu," alisema. "Gari halijanifanya kitu. Nimetoka kumzika dada."

Nikaiweka chini. Nikainuka, nikamwamkia, naye akaitikia. Mikono yangu sikujua niiweke wapi.